Ushuhuda wa Madini: Shaba ya Wageni na Chuma cha Wahaya

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunasoma habari za Hiramu wa Tiro, fundi wa shaba, aliyesubu vyombo vya hekalu la Sulemani katika udongo wa bonde la Yordani. Mwandishi wa kitabu aongeza ya kuwa vyombo vile vilikuwa vingi mno, hata uzani wa shaba yake haukujulikana. Wala hakutuambia shaba ile ilitoka mlima gani, au ilichanganywa na nini. Siku hizi wako wataalamu wanaouliza maswali hayo aliyoyaacha. Huchukua chombo cha kale, wakayauliza madini yenyewe, nayo hujibu kwa namna yao: yamo haya na haya, kwa kiasi hiki na hiki.

Yamkini msomaji atauliza, elimu hiyo yatuhusu nini sisi tulio kando ya Ziwa, Bukoba na Muleba? Yatuhusu sana. Mtoto wa shule aulizapo, “Mwalimu, watu wetu walipata wapi shaba na chuma?” mara nyingi hujibiwa kwa upesi ya kwamba vyote vililetwa na wageni, Mwarabu kwanza na Mzungu baadaye. Jibu hili ni karibu na kweli kwa habari ya shaba, lakini kwa habari ya chuma ni kosa kubwa. Nasi tunao mashahidi wawili wa kuyapambanua hayo: madini yenyewe, na maneno ya wazee. Kila mmoja ana mambo ayajuayo na mambo asiyoyajua. Kwa hiyo haifai kumsikiliza mmoja na kumfukuza mwenziwe.

Tuanze na shaba, maana jina lake lenyewe ni historia. Waarabu wa kale waliita shaba ya manjano shabah, neno litokalo katika mzizi wenye maana ya kufanana, kwa sababu madini hayo yafanana na dhahabu. Sisi twatumia neno shaba kwa nyekundu na ya manjano pia. Hali kadhalika sufuria: asili yake ni neno la Kiarabu sufr, ndiyo shaba. Sufuria zetu leo ni za aluminiamu, walakini jina limebaki kutuonyesha ya kuwa chombo cha kwanza kilichoitwa hivyo pwani kilikuwa cha shaba. Msafiri hubadili nguo lakini jina halimwachi.

Vyombo vya shaba vya nchi za Kiislamu vilifanywa kwa njia mbili. Vingine vilifuliwa kwa nyundo kutoka bamba jembamba. Vingine vilisubiwa, yaani shaba iliyeyushwa ikamiminwa katika kalibu. Katika vile vya kusubu hakuna budi kutaja ndoo moja mashuhuri iliyofanywa Herat, mji ulio leo katika nchi ya Afghanistani, mwaka 1163, ambayo sasa imewekwa katika jumba la Hermitage huko Urusi. Imeandikwa juu yake majina ya mafundi wawili: Muhammad mwana wa Abd al-Wahid aliyeifanya, na Masud mwana wa Ahmad aliyeipamba kwa nyuzi za fedha na shaba nyekundu. Ni jambo la kupendeza kuona mafundi wa mikono wakipewa heshima ya kuandikwa majina.

Wataalamu walipopima vyombo vya jinsi hiyo, waliona ya kuwa mara nyingi si shaba tupu, bali ni mchanganyiko wa madini manne: shaba, zinki, bati na risasi. Na katika vyombo vya kusubu risasi huwa nyingi kuliko katika vile vya kufuliwa. Sababu yake yafahamika. Shaba tupu huyeyuka kwa moto wa nyuzi 1085 za Selsiasi, nayo humiminika kwa uzito; risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, tena haishikamani kabisa na shaba, bali hukaa ndani yake kama vitone. Huirahisisha shaba kupita katika kalibu na kujaza kila pembe. Lakini shaba yenye risasi nyingi ikipigwa nyundo hupasuka. Kwa hiyo fundi wa nyundo aliikimbia risasi, na fundi wa kalibu aliipenda. Risasi nayo ilikuwa rahisi kwa bei. Hivyo hesabu ya madini yatuambia desturi ya karakana, ingawa hapana aliyeiandika.

Zinki nayo ina hadithi yake. Madini haya hugeuka mvuke kwa nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka. Mtu akichoma mawe yake katika tanuru la kawaida, zinki yote huruka na kupotea angani. Mafundi wa kale walishinda shida hiyo kwa hila: walisaga jiwe ambalo Waarabu waliliita tutiya, wakalitia pamoja na makaa na vipande vya shaba katika chungu kilichofunikwa, mvuke wa zinki ukaingia katika shaba papo hapo. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika habari za shaba na michanganyiko yake katika kitabu chake cha vito. Lakini njia hiyo ina mpaka: zinki haizidi sana sehemu 28 au 30 katika mia. Ili kuzidisha zaidi ya hapo yapasa kuwa na zinki yenyewe iliyokwisha kukusanywa katika mvuke, kazi ambayo Wahindi wa Zawar walikuwa wakiifanya kwa wingi tangu yapata karne ya 14, na Wazungu wakaianza katika karne ya 18. Basi chombo cha shaba ya manjano chenye zinki zaidi ya sehemu moja katika tatu hakiwezi kuwa cha siku za Al-Biruni, hata mwenye duka akiapa.

Hata hivyo shahidi huyu ahojiwe kwa uangalifu. Mionzi ya eksirei itumikayo kupima vyombo bila kuvivunja huona ngozi ya juu tu, na ngozi ya chombo cha kale si sawa na moyo wake. Kutu huondoa zinki na kubakiza bati. Msafishaji naye huongeza yake. Tena shaba iliyochakaa haikutupwa: iliyeyushwa pamoja na shaba ya chombo kingine, kikafanywa chombo kipya. Kwa hiyo hesabu ya madini haituambii daima jina la mlima yalikochimbwa. Shahidi asemaye kweli huweza kusema nusu ya kweli.

Basi shaba hiyo ya wageni ilifikaje kwetu? Katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili ilipita Tabora ikaja mpaka Karagwe, magharibi ya nchi za Bukoba na Muleba, na kituo chao kilikuwa Kafuro. Pamoja na nguo na shanga walileta nyuzi za shaba, ambazo zilipendwa sana kwa mapambo. Speke alifika kwa Mkama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861. Stanley naye alifika mwaka 1876, akaonyeshwa nyumba ya hazina ya Mkama. Aliandika ya kuwa aliona humo sanamu za mabata za shaba ya manjano zenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba nyekundu wasio na vichwa, pamoja na vyombo vya chuma vya enzi.

Hapo ndipo elimu ya vyombo vya mbali inapotusaidia nyumbani. Shaba nyekundu yaweza kuwa imekuja kwa njia mbili: kutoka pwani, au kutoka Katanga katika Kongo, ambako watu waliyeyusha shaba kwa karne nyingi kabla ya wageni. Lakini shaba ya manjano ina zinki, na hakuna athari zilizopatikana katika nchi zetu za watu wa kale waliotengeneza zinki. Kwa hiyo sanamu ya manjano hunena wazi: madini yangu ni mgeni, ijapokuwa mikono iliyonifanya yaweza kuwa ya mwenyeji. Maneno hayo mawili yasichanganywe. Madini huonyesha biashara. Umbo huonyesha moyo wa watu. Bata na ng'ombe wale hawakuwa mawazo ya fundi wa Herat wala wa Birmingham.

Sasa tugeukie chuma, maana hapa mambo yabadilika kabisa. Chuma hakiyeyuki ila kwa nyuzi 1538, na mafundi wa kale wa Afrika hawakukisubu kama shaba. Walichoma mawe yake kwa makaa mpaka uchafu ukayeyuka na kutiririka, na chuma kikabaki bonge lenye matundu kama sifongo, ambalo baadaye lilifuliwa kwa nyundo. Ule uchafu ulioyeyuka na kuganda ndio tuuitao mavi ya chuma. Mkulima akiyapata shambani huyatupa kando kama mawe mabaya. Lakini kwa mwenye kutafuta historia yafaa kuliko dhahabu, maana hakuna afanyaye safari ndefu kubeba takataka. Chombo cha shaba chaweza kuwa kimetoka ng'ambo ya bahari. Mavi ya chuma hukaa pale pale yalipotokea. Yakionekana, hapo palikuwa na tanuru.

Watu wa Buhaya walilijua jambo hili kwa njia ya hadithi kabla ya wataalamu kulijua kwa njia ya kupima. Kule Katuruka, katika nchi ya Maruku kusini ya mji wa Bukoba, palikuwa na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina ambalo wazee hulieleza kuwa ni mahali pa uhunzi. Wazee husimulia ya kuwa Mkama Rugomora Mahe, aliyetawala katika karne ya 17, alikaa hapo, akawaamuru wafua chuma wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, apate kuona kuna nini huko. Mnara ukaanguka. Kila mhubiri atakumbuka mara moja mnara wa Babeli, na yamkini ndiyo sababu wengine waliidhania hadithi hii kuwa mwangwi wa mafundisho ya misheni. Lakini mnara wa Babeli ulikuwa wa matofali na lami. Huu wa Katuruka ni wa chuma, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha habari.

Katika miaka ya 1969 na 1970 mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt, Mmarekani, alichimba hapo akiongozwa na wazee wenyeji. Alipata mabaki ya kazi ya chuma na makaa ambayo, yalipopimwa umri wake, yalionekana kuwa ya zamani kupita Rugomora Mahe kwa mbali sana. Mengine yalihesabiwa kuwa ya karne za kabla ya Kristo. Mkama basi hakuuanzisha uhunzi wa mahali pale. Alikuta mahali palipokwisha kuwa na heshima ya chuma, akaweka kiti chake juu ya heshima hiyo. Baadaye matanuru mengine yakachimbuliwa huko Kemondo, kando ya Ziwa.

Kuchimba peke yake hakukutosha. Kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekoma yapata nusu karne, lakini walikuwako bado wazee walioifanya au kuiona ujanani. Katika miaka ya 1970 waliombwa waijenge tena. Walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu usioharibika upesi kwa moto. Wakalijaza matete ya bwawani yaliyokwisha kuunguzwa nusu, wakajenga juu yake shina la tanuru kwa vipande vya mavi ya chuma ya zamani na udongo, kimo chake kupita kidogo kifua cha mtu. Mabomba manane ya udongo yaliingizwa ndani sana ya tanuru, kila moja na mivukuto yake ya ngozi. Majaribio ya kwanza hayakufaulu, na wazee hawakuona haya. Walikumbushana, wakabadili hili na lile, mpaka chuma kikapatikana. Penye wazee haliharibiki neno.

Bonge lile lilipokatwa na kutazamwa kwa hadubini, ilionekana jambo ambalo liliwashangaza wengi. Chuma chenye kaboni kidogo sana ni laini. Kikipata kaboni kiasi cha sehemu 3 mpaka 10 katika elfu huwa chuma cha pua, kinachoshika makali. Kikizidi sehemu 20 katika elfu huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Katika chuma cha Wahaya mlikuwa na chuma cha pua. Yale matete yaliyoungua yalikuwa mojawapo ya njia za kukipa chuma kaboni. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, walitangaza katika gazeti la elimu liitwalo Science ya kuwa Wahaya, na wazee wao wa miaka 1500 mpaka 2000 iliyopita, walitengeneza chuma cha pua kwa akili ya pekee: hewa ilipata moto ndani ya yale mabomba marefu kabla ya kufika kwenye makaa, na kwa hiyo tanuru likawaka kwa ukali kupita matanuru ya kale ya Ulaya.

Habari hiyo ilienea duniani, nasi tuna haki ya kuifurahia. Lakini furaha isitupofushe, maana wataalamu wengine waliijibu. J. E. Rehder alihesabu mwaka 1986 ya kuwa hewa hupita katika bomba upesi mno, haipati nafasi ya kushika moto mwingi. David Killick naye aliandika mwaka 1996 akionya ya kwamba wenye kuipenda Afrika wasiongeze chumvi katika sifa zake. Alionyesha ya kuwa matanuru ya namna hii, popote duniani, huweza kutoa chuma laini na chuma cha pua katika bonge moja. Hata umri wa makaa una shaka yake: mtu akichoma mti uliokuwa mzee sana, makaa yatatoa umri wa mti, si umri wa moto.

Sisi tufanyeje mbele ya mabishano hayo? Tupambanue yale yanayobishaniwa na yale yasiyobishaniwa. Wataalamu hushindana juu ya joto la hewa, na kama njia ya Wahaya ilizipita nyingine. Hawashindani juu ya hili: chuma kilitolewa katika udongo wa Buhaya, kwa mikono ya watu wa Buhaya, karne nyingi kabla msafara wo wote wa pwani haujafika Karagwe; tena ndani yake kilipatikana chuma cha pua. Sifa hiyo yatosha. Mtu aliye na shamba lake halali hana haja ya kusogeza mpaka.

Iko na hoja nyingine juu ya hadithi ya Kaiija. Mwenye shaka aweza kusema: wazee hawakukumbuka mambo ya miaka 2000, waliona tu mavi ya chuma mashambani, wakatunga hadithi ya kuyaeleza. Yawezekana. Walakini hata ikiwa hivyo, hadithi ilihifadhi jambo la kweli, yaani kwamba hapa palifanywa kazi ya chuma, na tena kwamba enzi ya Mkama ilishikamana na kazi hiyo. Madini hayakuweza kutuambia neno la enzi. Wazee hawakuweza kutuambia hesabu ya kaboni. Ndiyo maana twasema mashahidi ni wawili.

Kwa nini kazi ile ilikufa? Hakuna vita wala tauni iliyoiua; iliuawa na jembe la dukani. Chuma cha viwanda vya Ulaya kilikuja kwa bei nafuu na bila jasho la mivukuto, na mfua chuma aliyebaki akafua vipande vya vyuma vikuukuu tu. Msomaji wa Kitabu cha Kwanza cha Samweli akumbuke sura ya 13, jinsi Israeli walivyokuwa hawana mhunzi, ikawapasa kushuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Hatusemi ya kwamba jembe la duka ni baya, maana limelima migomba mingi. Twasema ya kuwa watu walipokea jembe, wakaacha na elimu pia, ilhali elimu haikuwa na uzito wa kuwashinda kubeba. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena likaja pigo lingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wa Kagera, na kwa miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilifiwa na watu wa makamo, wale hasa ambao wangalipokea maneno ya babu na kuyatia katika masikio ya wajukuu. Mnyororo ukikatika katikati, pete za mwanzo na za mwisho haziwezi kushikana. Mavi ya chuma yatakaa ardhini miaka 2000 mingine yakingoja mpimaji. Lakini neno la mzee halina ardhi ya kulitunza ila moyo wa mtu, au karatasi.

Katika kazi ya karatasi misheni zetu hazikuanza jana. Padre Edmond Césard wa White Fathers aliandika desturi za Wahaya katika gazeti la Anthropos katika miaka ya 1930. Na mwaka 1949 kiwanda cha chapa cha Rumuli huko Kashozi, kwenye misheni iliyoanzishwa mwaka 1892, kilipiga chapa kitabu cha F. X. Lwamgira cha habari za Kiziba na Bakama wake, kwa Kihaya chenyewe. Hao wote hawakuwa na mionzi ya kupimia madini. Walikuwa na masikio na kalamu.

Basi mwalimu au mchungaji asidhani ya kuwa kazi hii ni ya wageni wenye vyombo vya thamani. Akiona mavi ya chuma shambani, ayaache mahali pake, aandike ni shamba la nani na kando ya kitu gani. Akiona birika au sinia kuukuu ya shaba katika nyumba ya mwenyeji, asiisugue kwa mchanga, wala asishauri iuzwe kwa mnunuzi wa vyuma. Aulize ilitoka kwa nani. Akimkuta mzee ambaye baba yake alikuwa mfua chuma, amwulize kwa Kihaya majina ya vyombo na ya kila sehemu ya tanuru, na miiko iliyoshikwa, ayaandike kama alivyosikia bila kuyapamba. Na darasani, mtoto aulizapo chuma kilitoka wapi, asijibu tena kwa upesi. Amwambie: shaba ya manjano ilikuja na misafara, sufuria ilikuja na jina lake, lakini chuma, mwanangu, kilitoka katika udongo huu unaoukanyaga.